Mwingajini Si Mbaazi: Ujue Mmea Huu, Umkinge Mtoto

Leo tutajifunza habari za mmea mmoja ambao pengine unaota nyuma ya nyumba yako. Jina lake ni mwingajini. Mahali pengine watu husema mwengajini. Maua yake ni ya manjano. Majani yake yananuka vibaya ukiyafikicha. Maganda yake yana mbegu nyingi zinazofanana kidogo na choroko zilizobanwa.

Mbegu hizo zina sumu. Mtu mzima hana sababu ya kuzitafuna. Lakini mtoto mdogo anayo sababu. Yeye amemwona mama akipukuchua mbaazi na kunde. Amekula mbaazi mbichi shambani. Kwa hiyo akiona ganda, hulifungua. Akiona mbegu, huitia mdomoni.

Katika makala hii tutajifunza mambo manne. Kwanza, alama za mmea huu. Pili, sumu yake hufanya nini mwilini. Tatu, nini cha kufanya mtoto akila mbegu. Nne, namna ya kuuondoa mmea huu karibu na nyumba.

MMEA HUU ULITOKA WAPI?

Mwingajini si mmea wa asili ya Afrika. Asili yake ni nchi za joto za Bara la Amerika. Umesafiri na watu na mizigo yao. Leo unaota katika nchi nyingi za joto duniani, pamoja na nchi yetu.

Wataalamu wa mimea wanauita Senna occidentalis. Neno hilo la pili maana yake ni "wa magharibi". Zamani uliitwa Cassia occidentalis, na jina hilo la zamani bado limo katika vitabu vingi.

Mmea huu hupenda mahali ambapo watu wameuvuruga udongo. Utauona kando ya njia, kwenye jalala, kando ya zizi, kwenye shamba lililolala na kwenye magofu ya nyumba. Ndiyo sababu uko karibu nasi. Hauoti sana katika msitu wenye kivuli. Unaota pale watoto wanapocheza.

JAMII YA MIKUNDE

Mimea ina jamaa zake, kama watu walivyo na koo zao. Mwingajini ni wa jamii ya mikunde. Katika jamii hii wamo kunde, maharage, choroko, mbaazi na karanga. Wamo pia mkwaju na mgunga. Ule mti wa mjohoro, tunaoupanda kwa ajili ya kivuli na kuni, ni ndugu wa karibu kabisa wa mwingajini. Ndiyo maana maua ya mjohoro nayo ni ya manjano.

Alama kubwa ya jamii hii ni ganda lenye mbegu ndani. Alama hiyo ndiyo inayomdanganya mtoto. Kuwa wa jamii moja si kuwa na tabia moja. Katika ukoo mmoja yumo mtu mwema na yumo mwizi. Hivyo hivyo, katika jamii ya mikunde imo mimea ya chakula na imo mimea ya sumu.

ALAMA ZA MWINGAJINI

Soma alama hizi polepole. Kisha toka nje, uzitafute kwenye mmea wenyewe.

1. Kimo. Ni kichaka chembamba kilichosimama wima. Mara nyingi urefu wake ni kati ya nusu mita na mita 2. Kwa hiyo unaweza kumfika mtu mzima magotini, kifuani au kupita kichwa chake. Shina la chini ni gumu kama mti. Matawi machanga ni ya kijani, na mara nyingine yana wekundu.

2. Majani. Jani moja limegawanyika katika majani madogo yaliyopangwa wawili wawili, yakitazamana. Mara nyingi kuna jozi 4 hadi 6. Kwenye ncha hakuna jani dogo la peke yake. Kila jani dogo ni pana karibu na kikonyo chake, kisha linachongoka kama ncha ya mkuki.

3. Kijiuvimbe. Tazama kikonyo cha jani, pale kinaposhikana na shina. Utaona kijiuvimbe kimoja cha mviringo, kidogo kama kichwa cha kiberiti au chini ya hapo. Rangi yake ni nyeusi nyeusi au ya zambarau. Hii ni alama nzuri sana. Usiisahau.

4. Harufu. Fikicha jani kwa vidole, kisha nusa. Harufu yake ni mbaya. Kushika jani hakuna hatari. Nawa mikono tu ukimaliza.

5. Maua. Maua hutokea pale jani linapoungana na shina, machache kwa pamoja. Kila ua lina petali 5, yaani vile vipande vya rangi vinavyolizunguka ua. Petali hizo ni za manjano na zimefunguka wazi. Ua halina maji matamu. Nyuki hulifuata kwa ajili ya chavua, ule unga wa ua.

6. Maganda. Ganda ni refu na bapa, la kiasi cha sentimita 8 hadi 13. Upana wake haufiki sentimita moja. Limepinda kidogo kuelekea juu. Likikauka huwa la kahawia, na kingo zake zina rangi hafifu kuliko katikati.

7. Mbegu. Ganda moja huweza kuwa na mbegu 30 au zaidi, zimepangwa kwa mstari. Kila mbegu ni bapa, ya kahawia isiyong'aa. Upana wake ni kiasi cha milimita 4 hadi 5.

TOFAUTI YA MWINGAJINI NA MBAAZI

Mbaazi nayo ni kichaka. Nayo ina maua ya manjano na maganda. Kwa hiyo tusije tukang'oa chakula tukaacha sumu. Tazama tofauti hizi:

Jani la mbaazi lina majani madogo 3 tu. La mwingajini lina jozi 4 hadi 6.

Ua la mbaazi lina umbo la kipepeo, kama ua la kunde. Ua la mwingajini limefunguka wazi, na petali zake 5 zinakaribia kulingana.

Ganda la mbaazi lina vinyweleo na mabonde ya mshazari kati ya mbegu na mbegu. Mbegu zake ni chache na nene. Ganda la mwingajini ni laini na bapa. Mbegu zake ni nyingi na ndogo.

Uko pia mmea mwingine, ndugu wa mwingajini, unaoota kwenye majalala yale yale. Huo una jozi 2 au 3 tu za majani madogo, na ncha zao ni za duara. Maganda yake ni membamba sana na yamepinda kama mundu. Usiwaache watoto wachezee mbegu zake pia.

SUMU HUFANYA NINI MWILINI?

Mmea wote una sumu, lakini mbegu ndizo zenye sumu nyingi zaidi. Sumu hiyo hushambulia sehemu tatu za mwili. Ya kwanza ni ini. Ya pili ni misuli, yaani nyama za mwili zinazotuwezesha kutembea na kufanya kazi. Ya tatu ni ubongo.

Ini ni kama chujio la mwili. Linapoharibika, uchafu hubaki katika damu. Sukari ya damu huweza kushuka. Hapo ubongo hukosa nguvu, na mtoto huchanganyikiwa.

Mtoto aliyekula mbegu hizi huweza kuonyesha dalili hizi:

Anatapika ghafla.
Anakuwa mkali au anahangaika bila sababu. Anasema maneno yasiyoeleweka.
Anapata degedege au mwili wake unakakamaa.
Anasinzia sana, kisha anazimia.

Homa inaweza kuwapo au isiwepo.

Ndugu msomaji, hapa pana jambo la kufikiri. Jina mwingajini maana yake ni mmea unaofukuza majini. Lakini mtoto aliyekula mbegu zake huweza kuhangaika na kukakamaa. Jamaa wakimwona hivyo wanaweza kusema ana jini. Wakimpeleka kupungwa, saa zinapita. Sumu haisubiri ngoma imalizike. Mtoto wa namna hiyo apelekwe zahanati au kituo cha afya mara moja.

YALIYOTOKEA INDIA

Haya si maneno ya kutishana. Katika nchi ya India, upande wa magharibi wa jimbo la Uttar Pradesh, watoto wadogo wa vijijini waliugua kwa miaka mingi ugonjwa usiojulikana. Ulikuja kila mwaka baada ya mvua, kati ya Septemba na Desemba. Mtoto aliyelala mzima aliamka akitapika, akachanganyikiwa, kisha akazimia. Wengi wao walikufa. Watu walidhani ni homa ya ubongo inayoletwa na virusi.

Baadaye madaktari wa huko walitazama kwa makini. Waliona kwamba si ubongo tu ulioharibika. Ini na misuli pia viliharibika. Wakaenda vijijini wakawauliza wazazi: mtoto alicheza wapi? Alikula nini? Jibu likapatikana. Watoto wengi walikuwa wamekula mbegu za mmea huu huu, zilizokuwa zimekomaa karibu na nyumba. Madaktari hao waliandika habari hiyo mwaka 2007.

Katika wilaya ya Saharanpur, wananchi walielimishwa waujue mmea na kuwazuia watoto wasile mbegu zake. Baada ya hapo ugonjwa huo ulitoweka. Haukuhitaji sindano wala dawa ya bei kubwa. Ulihitaji watu waujue mmea.

Nasi tunaweza kuujua.

MTOTO AKILA MBEGU, FANYA HIVI

1. Mwondoe mahali pale. Toa mbegu zilizobaki mdomoni kwa kidole. Msukutue kwa maji safi kama ana fahamu.

2. Usimlazimishe kutapika. Usimtie kidole kooni. Usimpe mafuta, maji ya chumvi wala dawa yoyote ya kienyeji. Matapishi yakiingia kwenye mapafu, unaongeza ugonjwa wa pili.

3. Usihesabu mbegu. Usiseme, "Amekula chache tu, tungoje tuone." Mpeleke zahanati hata kama bado anacheza. Dalili zinaweza kuchelewa.

4. Kama amezimia au ana degedege, mlaze kwa ubavu. Usimpe kitu chochote mdomoni, hata maji.

5. Chukua tawi la mmea lenye majani na maganda. Mwonyeshe mganga wa zahanati. Mweleze mtoto alikula saa ngapi. Tawi hilo litamsaidia kuliko maelezo marefu.

Hakuna dawa maalumu ya kuiua sumu hii. Lakini watumishi wa afya wanaweza kumpa mtoto maji ya mshipa na sukari, kuzuia degedege na kumpeleka hospitali kubwa. Kazi hiyo ni rahisi zaidi mtoto akifika mapema.

JE, DAWA YA MIZIZI?

Najua wazee wetu huchemsha mizizi au majani ya mwingajini kutibu homa na maumivu ya tumbo. Simdharau mzee yeyote. Lakini tuulizane swali moja: kipimo ni kipi? Mzizi wa mmea mmoja haulingani na wa mwingine. Mkono wa mtu mmoja haulingani na wa mwingine. Dawa isiyo na kipimo ni hatari kwa mtoto mdogo na kwa mama mjamzito. Hao wasipewe kabisa.

Na tena, mtoto mwenye homa anaweza kuwa na malaria. Malaria humwua mtoto mdogo haraka. Zahanati wana kipimo cha damu cha haraka. Tone moja la damu kwenye kidole linatosha. Akionekana ana malaria, atapewa dawa mseto kwa uzito wake. Ukikaa nyumbani siku 2 ukichemsha mizizi, ugonjwa unapata nafasi.

Katika nchi nyingine watu hukaanga mbegu hizi, wakazisaga na kuzinywa kama kahawa. Ni kweli kwamba moto hupunguza sumu. Lakini nani atajua kikaango chake kimeondoa kiasi gani? Afadhali kunywa chai.

MIFUGO NAYO HUDHURIKA

Ng'ombe na mbuzi hawapendi sana majani mabichi ya mwingajini kwa sababu ya harufu yake. Lakini wakati wa kiangazi, majani mengine yanapokosekana, huweza kula maganda makavu. Mbegu pia huvunwa kwa bahati mbaya pamoja na mtama au mahindi, zikaingia katika chakula cha kuku na nguruwe.

Mnyama aliyekula sumu hii huwa dhaifu miguuni. Huyumba, kisha hulala asiweze kuinuka. Mkojo wake huweza kuwa mweusi kama kahawa, kwa sababu misuli yake imeharibika. Ukiona hivyo, mwite mtaalamu wa mifugo. Usile nyama ya mnyama aliyekufa kwa ugonjwa. Na kila unapopepeta nafaka, chagua mbegu ngeni uzitoe.

TUUONDOE NAMNA GANI?

Pengine utasema, "Huu ni wa jamii ya mikunde. Si unarutubisha ardhi?" Hapana. Mizizi ya kunde na maharage ina vinundu vidogo. Ndani ya vinundu hivyo wamo vijidudu vinavyochukua naitrojeni ya hewani na kuipa mimea. Mizizi ya mwingajini haina vinundu hivyo. Basi ukiung'oa, shamba halipotezi mbolea hiyo.

Wakati mzuri wa kuung'oa ni mvua zinaponyesha. Udongo huwa laini na mzizi mkuu hutoka mzima. Ung'oe ukiwa na maua, kabla haujazaa. Ukiukata juu tu, huweza kuchipua tena.

Kama maganda yamekwisha kukauka, usiutikise mmea. Leta gunia au ndoo. Kata maganda kwanza, uyatie humo. Kisha ng'oa mmea. Maganda yachomwe shimoni au yafukiwe chini sana, mbali na watoto na kuku. Usiyatie kwenye mbolea ya takataka. Mbegu hizi zina ganda gumu na huweza kukaa ardhini muda mrefu, zikaota mvua nyingine. Kwa hiyo pita tena mwaka ujao. Pita na mwaka unaofuata.

Mwaka 1973, katika kampeni ya Mtu ni Afya, wananchi wa Tanzania walijifunza katika vikundi vya redio namna ya kujikinga na magonjwa. Kuisafisha mitaa na kufyeka majani kuzunguka nyumba lilikuwa mojawapo ya mafunzo hayo. Kazi hiyo haikwisha mwaka ule. Unapofyeka leo, tazama kama mwingajini umo.

Lakini kufyeka peke yake hakutoshi. Mtoto hatembei katika ua wenu tu. Huenda kisimani, huenda malishoni, huenda kwa jirani. Kwa hiyo mfundishe. Mwonyeshe mmea wenyewe. Mwonyeshe kile kijiuvimbe cheusi. Mpe anuse jani. Mwambie, "Hizi si mbaazi. Hata katika mchezo wa kupika, hizi haziliwi." Watoto wakubwa wanaowalea wadogo zao wafundishwe kwanza, maana wao ndio wanaokaa nao mchana kutwa mama akiwa shambani.

KAZI YA KIKUNDI

Baada ya kusoma makala hii, kikundi chenu cha kisomo kifanye haya:

1. Tafuteni mmea mmoja wa mwingajini karibu na darasa lenu. Taja alama zake 7 bila kutazama gazeti.

2. Wekeni tawi la mbaazi na tawi la mwingajini pamoja. Kila mtu aeleze tofauti 3.

3. Jadilini: watoto wa mtaa wetu huchezea wapi? Je, mmea huu uko hapo?

4. Jadilini: mtoto akila mbegu usiku, nani katika mtaa ana baiskeli, pikipiki au gari la kumfikisha zahanati? Mwulizeni mapema kama atakubali.

5. Pangeni siku moja ya kung'oa kabla maganda hayajakauka. Kila mtu aje na jembe lake. Mmoja aje na gunia.